Wametuibia mashine ziwani: Kiingereza chake ni kipi, na waliotuletea tena tuwaandikeje?

KatibuMwaloni aliandika:

Mwangaluka wadau. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi wa dagaa, mwalo wetu, yaani pale tunapopaki mitumbwi na kushusha dagaa, uko Mwanza upande wa Ilemela, kando ya Ziwa Victoria. Kuna wafadhili wa nje waliotuchangia nyavu na mashine ya mtumbwi, na sasa wanataka taarifa ya mali hizo kwa Kiingereza. Kiingereza cha kusoma ninacho, ila cha kuandikia barua mtu aliyetoa fedha yake kinanipa uzito. Neno moja likikaa vibaya anaweza kudhani vitu tumeuza wenyewe.

Matukio ni haya. Kwanza nyavu za kutega zilikatwa usiku zikiwa majini. Hakuna aliyeona mtu, asubuhi tulikuta maboya tu yanaelea. Baadaye, usiku wa giza, vijana wakiwa kwenye dagaa, ukawajia mtumbwi uliozima taa, watu wana mapanga. Wakawaamuru walale chini, wakafungua mashine wakaondoka nayo. Vijana walirudi kwa kupiga kasia, wakafika jua limeshatoka. Kisha stoo yetu ikavunjwa, kufuli likakatwa, zikaenda betri na taa za sola. La mwisho ndilo linalouma kuliko yote: mweka hazina, tuliyemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, alikuwa akichukua fedha ya mauzo kidogo kidogo. Kamusi niliyonayo inanipa "steal" kwa yote haya, na mimi sioni kama ni jambo moja.

Halafu kuna jema. Ile mashine imerudi. Wavuvi wa kisiwa kimoja upande wa Ukerewe waliikuta imefichwa kwenye matete, wakaona alama tuliyoichonga, wakaulizia mpaka wakapata simu yetu, wakaileta wenyewe. Tulipowapa hela ya mafuta walikataa. Nataka watu hawa waandikwe kwa neno linalowastahili. Kinyume cha "steal" ni nini hasa? Hapa mwaloni mmoja kasema "give", mwingine "buy", kijana wa kidato cha nne kasema "return". Tumebishana mpaka chai ikapoa. Naomba msaada.

MamaDagaa_Kirumba aliandika:

Pole sana kaka katibu, na uwape pole vijana waliolazwa chini usiku ule. Mimi nafanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba. Kiingereza changu ni cha kuhesabia magunia, sitajitia kufundisha. Naomba tu watakaojibu wasimsahau mtu wa tatu: yule anayeuziwa mashine ya milioni kwa bei ya kutupa, hana risiti, haulizi imetoka wapi, anafuta alama kwa tupa. Bila yeye, wenye mapanga mashine wangempelekea nani? Naye ana jina lake kwa Kiingereza?

Na wale wanaopita kwenye vichanja wakati dagaa wanakauka, wanachota kiganja hapa, kiganja pale, mpaka gunia lako linapelea. Sisi tunasema wanadokoa. Wazungu wana neno lake?

MwalimuMstaafu_Nyakato aliandika:

Katibu, pole kwa yaliyowapata, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuma. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na hakuna kitu nilichokisahihisha kwenye madaftari mengi kama hiki cha kuibiwa. Niruhusu niende taratibu.

Tuanze na sentensi, maneno yatafuata. Kiswahili kinamleta mwenye mali ndani ya kitenzi chenyewe: kuiba, kuibia, kuibiwa. "Tumeibiwa mashine." Sisi tumetangulia, mashine ikafuata, hakuna asiyeelewa. Kitenzi "steal" hakiwezi hivyo. Kinachokaa karibu nacho ni kitu kilichochukuliwa, na mwenye mali huja baadaye, nyuma ya "from": *They stole an engine from us.* Ukitaka kuigeuza, mashine ndiyo inayotangulia: *Our engine was stolen.* Ukiandika *We were stolen an engine*, msomaji atakwama katikati ya sentensi. Ukiishia *We were stolen*, umemwambia kwamba ninyi wavuvi ndio mliobebwa.

Kuna sentensi nyingine ya hatari zaidi, kwa sababu haionekani kama kosa: *They stole us an engine.* Kwetu "walituibia mashine" inaweza kumaanisha waliichukua kwetu, na pia inaweza kumaanisha walikwenda kuiiba kwingine kwa ajili yetu. Mazungumzo ndiyo yanayoamua. Kiingereza kimebaki na maana ya pili peke yake. Mfadhili akiisoma hiyo ataelewa kwamba kuna watu waliwaendea kuiba mashine wakawapa ninyi. Katibu, kwenye barua hii sentensi hiyo isionekane kabisa.

Sasa "rob". Hiki ndicho kitenzi kinachomweka mwenye mali karibu: *They robbed us of our engine. We were robbed.* Anayefuata "rob" ni mtu, au mahali kama benki au duka, na kitu huja nyuma ya "of". Kwa hiyo *They robbed our engine* haifai, maana inaifanya mashine ndiyo iliyotishiwa panga.

Tofauti ya maana nayo ni kubwa. "Steal" ina undugu na "stealth", yaani kwenda kwa kunyata, na mpaka leo Mwingereza husema mtu "stole away" akimaanisha ameondoka kimyakimya bila kuchukua kitu chochote. "Rob" imeingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, ikiwa na nasaba moja na "robe", vazi, kwa sababu nguo zilikuwa nyara za kwanza mtu kuvuliwa. Katika moja kuna kujificha, katika nyingine kuna uso kwa uso. Nyavu zenu zilizokatwa bila mtu kuonekana: *stolen*, na tukio ni *theft*. Vijana waliolazwa chini: *robbed*, na tukio ni *robbery*. Usikubali usiku ule uitwe "theft", kwa sababu hofu waliyoipata wale vijana itakuwa imefutwa kwenye barua. Andika *They were threatened with machetes.* Neno "panga" limo katika kamusi kubwa za Kiingereza, limechukuliwa huku kwetu, lakini msomaji wa mbali ataelewa "machete" haraka zaidi.

Stoo: *Our store was broken into*, kisha utaje kilichochukuliwa. Waingereza wana pia "burgle", ambalo hufuatwa na mahali: *Our store was burgled.* Kitenzi hiki ni kichanga kuliko "burglar", jina la mtendaji. Kilikatwa kutoka humo katika karne ya 19. Wamarekani hupenda "burglarize". Kwa kuwa hujatuambia wafadhili ni wa wapi, "broken into" itawatosha wote.

Mweka hazina ana neno lake, na ni neno zito: "embezzle". Anayefanya hivi hakuvunja kitu, hakumtisha mtu. Fedha iliwekwa mikononi mwake kwa idhini ya wenyewe, na ndani ya imani hiyohiyo akaigeuza yake. *The treasurer embezzled part of the sales money.* Hapa hakuna mtu anayefuata kitenzi, ni fedha tu.

Mama wa Kirumba, hao wanaochota kiganja kiganja ni "pilfer", kuiba vitu vidogo vidogo, mara nyingi na watu wanaoingia na kutoka hapo kila siku. Anayepokea mali ya wizi ni "receiver", na mitaani humwita "fence", neno lilelile la uzio. "Pickpocket" wa stendi na "shoplifter" wa dukani nawaacha, katibu hawahitaji.

Nikija kwenye kinyume, na hapa ndipo penye utamu, wote watatu mwaloni kwenu wamesema kweli. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Katika wizi, kitu kinakwenda upande wa mwizi. Anayesema "give" amegeuza mwelekeo. Katika wizi hakuna ridhaa. Anayesema "buy" ameacha mwelekeo uleule, kitu bado kinakwenda kwa mchukuaji, lakini ameweka makubaliano na malipo. Na katika wizi kuna tendo ambalo limeshafanyika. Kijana wa kidato cha nne amelirudisha nyuma tendo lenyewe. Kwa barua yako huyo kijana ndiye aliyelenga.

Ukitaka kuchagua kinyume bila kubabaika, angalia nani anakaa karibu na kitenzi. "Steal" hukaa na kitu, na kinyume chake ni vitenzi vinavyokaa na kitu: *steal an engine from us*, *return an engine to us*. "Rob" hukaa na mtu, na kinyume chake nacho ni vitenzi vinavyokaa na mtu: *rob us of nets*, *provide us with nets*, *supply us with nets*. Unaona? Wafadhili wako *provided you with nets*, wenye mapanga *robbed you of an engine*, na sentensi zimefumwa kwa mtindo mmoja. Na "embezzle"? Mimi nasema kinyume chake ni "account for", kutoa hesabu ya kila shilingi mbele ya wenyewe. Kuirudisha fedha baada ya kukamatwa ni jambo jingine.

Jihadhari na "recover". Ukiandika *We recovered the engine*, maana yake ninyi ndio mlioitafuta mkaipata, na wale wa kisiwani wamepotea kwenye habari.

Na kwa sababu tunaishi ziwani, nitaje jozi moja ambayo darasani haifundishwi sana. Mtumbwi ukizama kwa dhoruba, mali ikaanza kuelea, kuna wanaokuja kujichukulia: hao "loot", neno ambalo Waingereza walilichota India, kutoka Kihindi, katika karne ya 18. Na kuna wanaokuja kuopoa ili wamhifadhie mwenyewe: hao "salvage". Maji yaleyale, mikono inayofanana, ila vitenzi viwili visivyokutana. Nimekulia kando ya ziwa hili, na watu wa aina zote mbili wapo.

KaraniWaMahakama aliandika:

Shikamoo mwalimu. Nichangie upande wa sheria kidogo, maana huenda wafadhili wakataka nakala ya taarifa ya polisi.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sura ya 16, imeyatenganisha mambo haya karibu kama ulivyoyatenganisha wewe. Wizi umeelezwa kifungu cha 258. Unyang'anyi uko 285. Wenye mapanga wanaangukia 287A, unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30. Kupokea mali ya wizi ni 311, kwa hiyo dada wa Kirumba, mtu wako wa tatu hajasahauliwa. Anabanwa akiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba kitu ni cha wizi.

Kuhusu stoo, Kiingereza cha sheria yetu kina ubaguzi ambao cha kawaida hakina. "Burglary" katika kifungu cha 294 ni kuvunja nyumba ya kuishi watu, tena usiku. Ikiwa mchana inaitwa "housebreaking". Stoo na maduka yana kifungu chao, 296. Uingereza waliachana na habari ya usiku na mchana kwa sheria yao ya wizi ya mwaka 1968. Kwa hiyo ushauri wa mwalimu wa "broken into" ni salama kila upande.

Jingine: magazeti hupenda kuwaita majambazi wa ziwani "pirates". Kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, uharamia ni wa bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa letu lote limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Andika "armed robbers", ambatanisha namba ya RB, ile mliyopewa polisi mlipoandikisha taarifa, inatosha.

KatibuMwaloni aliandika:

Shikamoo mwalimu, asante sana, na karani asante. Nimesoma kwa sauti hapa mwaloni, vijana wamefurahi kusikia usiku ule una neno lake.

Limebaki jambo moja na limeleta mgawanyiko. Mweka hazina ameitwa kwenye kikao, amekiri, na ameanza kurudisha kwa awamu. Anasema aliikopa, mtoto alikuwa na ada. Wazee wawili wanataka niandike "borrowed", ili asiharibikiwe jina nje ya nchi wakati analipa. Wengine wanasema hapana. Mimi nimekaa katikati, kwa kweli ni mtu ninayemheshimu.

KaraniWaMahakama aliandika:

Kisheria hilo limeshajibiwa, kaka. Kifungu hichohicho cha 258 kinasema kwamba ikiwa ni fedha, kuichukua kwa nia ya kuitumia utakavyo ni wizi, hata kama ulikusudia kuilipa baadaye. Walioitunga sheria waliiona hoja ya "nilikuwa nitarudisha" ikija tangu mbali.

MwalimuMstaafu_Nyakato aliandika:

Marahaba wanangu.

Katibu, wazee wako wana huruma na mimi siidharau. Lakini "borrow" inahitaji mtu wa upande wa pili. Kwetu mzizi ni mmoja, anayekopa na anayekopesha, na ndiyo maana wanafunzi wangu walikuwa wakisema *borrow me your pen*. Kiingereza kimewapa maneno mawili yasiyofanana, "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa, na palipo na la kwanza lazima la pili liwepo. Waulize wazee: nani alim-"lend"? Kikao kipi? Kama hakuna aliyekopesha, basi hakuna aliyekopa, na ukiandika "borrowed" utakuwa umewaingiza wanachama wote kwenye ridhaa ambayo hawakuitoa. Mfadhili atauliza mkataba wa mkopo, na hapo ndipo kikundi kizima kitaonekana hakina hesabu.

Lakini pia hulazimiki kumtaja jina, wala kumwandika kwa neno kali kuliko lote. Yako maneno ya kweli yaliyo matulivu. *Some of the sales money was used by the treasurer without the members' permission. He has admitted this and is repaying it.* "Repay" ndilo neno la kulipa kilichochukuliwa. "Refund" liache, hilo hutumika zaidi mteja anaporudishiwa fedha aliyolipia kitu. Hapo hakuna uongo hata herufi moja, na msomaji anaona kwamba kikundi kiligundua, kikauliza, na fedha inarudi. Akitaka kujua zaidi atauliza, na mtamjibu. Mimi ningeandika hivyo, na ningewasomea wazee kwa Kiswahili kwanza, wapige kura.

Kuhusu wale wa kisiwani, nimekuandikia, irekebishe utakavyo:

*Fishermen from a neighbouring island found our engine hidden in the reeds. They saw our mark on it, asked until they found our telephone number, and brought the engine back to us themselves. We offered to pay for their fuel but they refused.*

Nimeacha "returned" na kuweka "brought back". Zote mbili ni sahihi, ila kitu kinaweza kuwa *returned* hata kwa kupitia ofisi ya polisi au kwa kupakizwa kivukoni. "Brought back" inaonyesha watu wenyewe wakiwa ndani ya mtumbwi, na "themselves" inakaza. Usiongeze "honest" wala "kind". Neno "refused" mwishoni limebeba yote hayo, na mgeni atalifikia mwenyewe.

Ukitaja ulinzi mnaoufanya sasa usiku, andika *Members now guard the boats in turns.* Kama ni sungusungu, liache neno hilo kwa Kiswahili na uongeze sentensi moja: ni ulinzi wa wanavijiji wenyewe ulioanzia huku Usukumani na Unyamwezini miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Ukisema "police" utakuwa umekosea, na "vigilantes" ina sura ya watu wanaojichukulia sheria mkononi.

Kabla ya kutaja jina la kisiwa, wapigie simu uwaombe ruhusa. Walioficha mashine kwenye matete yale huenda bado wako jirani nao.

KatibuMwaloni aliandika:

Nimewapigia. Wamesema kisiwa kisitajwe, na wamesema mwakani tukichonga alama tuichonge kubwa zaidi. Barua inaondoka kesho, mwalimu.